Mchimbaji na Ngazi ya Mwisho

Koti la baba limeniangukia mimi. Tulipoanua matanga yake, shangazi aligawa nguo kama ilivyo desturi, shati kwa huyu, viatu kwa yule, na mimi niliyekuwa nimekaa karibu na mlango bila kuomba kitu nikapewa koti la kaki alilokuwa akilivaa safarini enzi zile akiendesha lori. Nililivaa palepale, maana Songea ilikuwa kwenye baridi yake, ukungu umeshuka kutoka Matogoro mpaka kwenye mapaa. Nikaingiza pua kwenye kola. Dizeli, moshi wa kuni, na chini yake ile harufu kali ya maganda ya korosho ambayo ikiingia kwenye nguo haitoki tena.

Waliokuwa ndani walidhani nimezidiwa na kilio, wakanishika mabega. Ni kweli nililia. Lakini nilikuwa nimerudi mahali pengine kabisa. Mtu wa Nalasi akisikia harufu ile atakumbuka mikorosho ya kwao. Mimi nakumbuka televisheni inayopata moto kwenye chumba kilichofungwa.

Baba alikuwa akipeleka mahindi Tunduru na kurudi na korosho za Nalasi. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka barabara ile kabla ya lami. Kiangazi vumbi, masika tope linalomeza gari mpaka kwenye bodi. Nyuma ya kiti cha lori baba alikuwa na sepetu, jembe na vipande vya mbao za kuweka chini ya matairi. Mtu akimuuliza kaka yangu Anselmi baba yenu anafanya kazi gani, alijibu, "Anatoa magari kwenye matope," na wala hakuwa anatania. Tulikuwa tunajua hivyo. Gari likizama, baba analitoa.

Anselmi alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Mimi nilikuwa bado nasoma kwa kufuata herufi kwa kidole. Aliniita Kisamvu, kwa sababu mboga hiyo ningeweza kuila asubuhi na jioni, na jina hilo likanishika mtaa mzima.

Safari ya mwisho kabla ya mvua, baba alirudi na gunia la korosho ambalo halikuwekwa pamoja na mengine. Alilibeba mwenyewe mpaka chumba cha uani alicholala Anselmi, akaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, akatoa kijitelevisheni cha picha nyeusi na nyeupe, kisha kisanduku cha plastiki chenye nyaya. Alivipata kwa mtu aliyekuwa anahama Mtwara, akavizika katikati ya korosho visivunjike njiani. Kuanzia siku hiyo vilinuka korosho. Vikizimwa harufu ililala, vikipata moto iliamka.

Kile kisanduku kilikuwa cha kuchezea gemu. Siku hizi vijana hapa mjini wanacheza mpira kwenye skrini pana kama kitanda, mpaka jasho la mchezaji linaonekana, na wakisikia habari za gemu zetu wanacheka. Zetu zilikuwa vidoa vinavyotembea. Mtu alikuwa vidoa vichache vilivyosimama. Kwa jinsi tulivyokuwa hatuoni vizuri, ilibidi tumalizie wenyewe kichwani, na nadhani ndiyo maana havitoki. Kile ambacho macho yako yamemalizia yenyewe, unakuwa umekiona kweli.

Tulikuwa na kanda moja tu ya gemu, isiyo na hata karatasi ya jina. Skrini yote ilikuwa udongo, kuanzia chini mpaka juu, na chini kabisa alisimama mtu mdogo mweupe tuliyemwita Mchimbaji. Alichimba kwenda juu akiokota mawe yanayong'aa, akipanda vingazi vifupi hapa na pale, na juu kabisa kwenye kona kulikuwa na ngazi moja ndefu iliyopotelea nje ya kioo. Viumbe vitatu vyeusi vilimfukuza humo kwenye udongo. Vikimgusa, amekwisha, na gemu inaanza upya kutoka chini.

Hakuna aliyewahi kupanda ile ngazi. Si Anselmi, si rafiki yake Saidi wa nyumba ya jirani, si wavulana wengine waliojaa mlangoni kungoja zamu. Walifika chini yake wakakamatwa. Kwa kuwa umeme wa mgao ulikuwa haueleweki, fundi mmoja wa Majengo aliwaunganishia televisheni na kile kisanduku kwenye betri ya zamani ya lori, na wakacheza jioni mpaka mama alipokuja na mwiko.

"Baba akirudi atanikuta nimetoka," Anselmi alisema. Alisema hivyo kila siku.

"Utatoka wewe?" Saidi alimcheka. "Mahoka wamekuzoea mpaka wanakuita shemeji."

Mahoka ndilo jina walilowapa wale viumbe vitatu. Kwetu mahoka ni roho za wazee waliotangulia, wanaorudi kuwatazama walio hai, na hakuna mtoto wa Songea wa wakati ule aliyelitaja jina hilo bila kushusha sauti kidogo. Bibi yetu, mama yake baba, alilisikia likipigiwa kelele chumbani, akasimama uani na ungo wake mkononi.

"Nani mnamwita humo?"

"Gemu tu, bibi," Anselmi akajibu.

"Gemu ina majina yake. Hilo liacheni."

Walicheka alipoondoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mlangoni, maana sikuruhusiwa kuingia, nikitazama kupitia chini ya kwapa la mtu, na nilimwona bibi akigeuka mara mbili kukitazama chumba kile.

Mvua zikaanza, baba akaondoka kwenda Nalasi. Anselmi aliugua akiwa anacheza. Saidi ndiye aliyekuwa naye. Alisema kaka aliiweka chini pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, akalalamika baridi, akajifunika blanketi, kisha akaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwamo. Mama alimbeba mgongoni, mtu mrefu vile, mpaka wakapata baiskeli ya kumpeleka hospitali. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alfajiri walirudi wanawake wameshikana, na nilijua kabla hawajafika getini, kwa sababu mama alikuwa anatembea bila viatu na hakuna aliyemwambia avae.

Parokiani walimtafuta baba kwa simu ya upepo. Jibu lilikuja kwamba lori limeshaondoka Nalasi, na mahali fulani kabla ya Namasakata barabara imekatika, magari yamezama kwa foleni, hakuna anayepita. Wazee walikaa wakashauriana. Maiti ya mtoto haiwezi kungoja mvua ikome. Tukamzika bila baba. Nakumbuka udongo ulivyokuwa mwekundu na mzito, unanata kwenye sepetu, na wanaume wakigonga sepetu kwa miguu ili uanguke. Walinipa konzi ya udongo nitupe. Ulinigandia mkononi, nikalazimika kuukung'uta kama ninayekataa kumpa.

Bibi ndiye aliyesema lile neno. Shangazi alipotaka kufagia chumba cha Anselmi, bibi alimnyang'anya ufagio.

"Hakifagiliwi, wala hakuna kuingia. Mwenye mtoto hajafika."

"Mama, tope limejaa humo ndani."

"Liache. Marehemu haondoki mpaka watu wake wote wamefika. Ukifagia unamfukuza, baba yake atakuta nini?"

Ilikuwa desturi, na shangazi aliijua kuliko mimi, akatoka nje. Mlango ukafungwa kwa kamba. Watu wakalala matanga, wanawake kwenye mikeka sebuleni, wanaume wakizunguka moto chini ya turubai, katekista akiongoza rozari, mvua ikinyesha. Watu wazima walimsikia bibi na wakaelewa walichoelewa. Mimi nilielewa kwamba Anselmi hajaondoka.

Siku iliyofuata mazishi, mchana, nilipita nyuma ya chumba chake kwenda kuchota maji, nikasikia harufu ya korosho. Ilikuwa imeamka.

Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Ndani kulikuwa na mwanga wa kijivu unaochezacheza ukutani. Blanketi lilikuwa kitandani kama alivyolitupa walipombeba. Pedi ilikuwa sakafuni, waya wake umejikunja. Na kwenye kioo Mchimbaji alikuwa anatembea.

Nitasema kama nilivyoona. Hakukuwa na mtu. Pedi haikuguswa. Mchimbaji alichimba kwenda juu, akaokota jiwe, akapanda kingazi, akachimba tena, akawakwepa mahoka mmoja kisha wa pili, akafika chini ya ile ngazi ndefu. Hapo akasimama kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa. Akageuka kushoto. Wakamkamata. Kioo kikawa cheusi, ukapigwa ule wimbo mfupi wa kuanzia, sauti kama matone kwenye bati, juu ikatokea namba kubwa ya pointi za Anselmi, na Mchimbaji akaanza tena kutoka chini.

Nilidondosha ndoo. Nikakimbia kumtafuta Saidi.

Saidi alikuwa mkubwa kwangu na mwenye maneno mengi. Alinifuata akinung'unika kwamba Kisamvu sasa umeota pembe, unaota mchana. Akaweka jicho kwenye ufa. Alikaa hapo muda mrefu. Alipogeuka midomo ilikuwa imekauka.

"Wallahi," alisema polepole. "Anacheza."

Ndugu msomaji, leo mtoto yeyote atakuambia kwamba gemu zile zikiachwa zilijicheza zenyewe ili kuwavuta watu wakae kucheza. Sisi hatukuwa tumeona hivyo hata siku moja. Mashine ile, tangu iingie nyumbani kwetu, haikuwahi kuachwa hata dakika bila mikono juu yake. Mara ya kwanza ilipoachwa, ilikuwa ni kwa sababu mwenyewe amebebwa kwenda kufa.

Tukaingia kupitia dirisha. Kamba ya mlango hatukuigusa, kwa hiyo tulijiona hatujavunja amri ya bibi. Saidi alinionyesha namba iliyokuwa juu. Ilikuwa ya kaka, aliiweka jioni ile ile aliyougua, kubwa kuliko zote alizowahi kufikisha.

"Mashine ikizimwa, hii inafutika," Saidi alisema. "Mgao ulikuwa unatufanyia hivyo, ndiyo maana tukaweka betri. Ikifutika, hairudi."

"Na yeye?"

Saidi aliitazama betri, akazima televisheni peke yake ili tusimalize moto, akaiacha mashine ikiwaka na kitaa chake chekundu. Chumba kikawa na giza, na nikajua kwamba ndani ya giza lile bado anachimba. Hilo lilinitisha kuliko kumwona.

Niliona udongo mwekundu ukimfunika kaka yangu. Sasa nilimwona chini ya udongo, anachimba kuja juu. Akilini mwangu ulikuwa ni udongo mmoja. Na mahoka, ambao bibi alikuwa amekataza wasiitwe, walimngojea kila mara pale pale, chini ya ngazi ya mwisho, na kila mara aligeuka kushoto. Hakujifunza. Anselmi aliyekuwa hodari hivi, kwa nini hakujifunza? Nilifikia jibu langu la kitoto: amechoka, hawezi peke yake, anamngoja mtu anayejua kutoa vitu kwenye matope.

Baba tu ndiye angeweza. Kilichobaki ni kimoja, baba afike kabla betri haijaisha.

Siku zile zilikuwa ndefu. Kila mchana, watu wakila ugali wa msiba uani, mimi na Saidi tuliingia kwa dirisha na kuwasha televisheni kidogo tu. Alikuwepo. Alikuwa anafanya yale yale, kwa hatua zile zile, anasimama palepale kama anayesikiliza. Siku moja niliweka kiganja kwenye kioo, juu ya kichwa chake. Vinyweleo vya mkono wangu wote vikasimama, na kioo kikatoa mlio mdogo wa kukwaruza. Sikuondoa mkono. Nilimwambia, "Baba yuko njiani, subiri." Saidi, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alikuwa ametazama ukutani.

Kisha picha ikaanza kupungua. Ninyi mliotazama televisheni kwa betri mnajua: betri ikichoka, picha inajivuta kutoka kingoni, weusi unaingia pande zote. Siku ya kwanza ulikuwa ukanda mwembamba. Baadaye udongo wote wa Mchimbaji ulikuwa sawa na bahasha. Baadaye sawa na kiganja changu. Kwa macho yangu, kaburi lilikuwa linambana.

"Tuipeleke ikachajiwe," nilimwambia Saidi.

"Ukichomoa, imezimika. We huelewi?"

"Basi tumwambie mama."

"Mama Anselmi ukimwambia hivyo atakufa na yeye. Nyamaza, Kisamvu. Ngoja baba yako."

Baba alifika alasiri, kwa miguu kutoka mahali lilipomshusha gari la misheni. Lori aliliacha kwenye tope. Nilimwona akija kwenye mvua nyembamba, udongo umekauka kwenye suruali mpaka magotini, na umelowa tena, koti hili ninalolisimulia likining'inia mabegani. Wanawake walipomwona wakainua kilio. Hakuingia ndani. Aliyekosa mazishi huanzia kaburini, kwa hiyo wazee walimshika mikono wakageuka naye njiani moja kwa moja. Nilitaka kumkimbilia nimwambie huko siko. Shangazi alinishika gauni.

Aliporudi alikalishwa kwenye kiti, akapewa maji, hakunywa. Nilimwendea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Baba, twende chumbani kwa kaka. Haraka."

Shangazi alifungua mdomo. Bibi akamkatiza kwa mkono. "Mwache. Mwenyewe ameshafika, chumba sasa ni chake." Naye bibi mwenyewe akaenda kuifungua kamba.

Tuliingia, mimi na baba. Saidi alibaki mlangoni. Nikawasha televisheni. Kwa muda hakikutokea kitu, nikadhani tumechelewa. Kisha katikati ya weusi pakatokea mwanga mdogo, sawa na kiberiti, na ndani yake, mdogo kuliko punje ya mchele, Mchimbaji akichimba.

Baba alichuchumaa.

"Nani anacheza?"

"Kaka."

Alinitazama. Nilimwonyesha pedi sakafuni. Nikamwambia yote kwa mkupuo, kwamba anataka kutoka, kwamba alisema utamkuta ametoka, kwamba mahoka wanamngoja kwenye ngazi na yeye anageuka kushoto, kila mara kushoto, na betri inaisha, na wewe unajua kutoa vitu kwenye matope. Baba hakucheka. Wala hakuniambia ninyamaze. Mpaka leo ninashukuru kwa hilo kuliko kwa chakula alichonilisha.

Alimtazama Mchimbaji akikamatwa. Akatazama tena. Kisha akaketi chini kwenye tope lile lisilofagiliwa, akaiokota pedi.

"Saidi, inashikwaje hii?"

Saidi alimwonyesha kutoka nyuma yake. Baba alipobonyeza, Mchimbaji alisimama chini kabisa, hakusogea. Aliyekuwa anahangaika siku zote akatulia. Niliona kaka amemtambua baba, amengoja mkono wake.

Baba alikamatwa. Akaanza upya, akakamatwa tena. Vidole vyake vilikuwa vinene, vimepasuka kwa sepetu, vilifunika vitufe viwili kwa mara moja. Saidi alisema, "Kimbia baba, kimbia!" na baba akamjibu bila kugeuka, kwa ile sauti ya barabarani, "Gari likizama hukimbilii mafuta, kijana. Unachimba mbele ya tairi." Akaanza kuchimba polepole. Hakuokota hata jiwe moja. Alichimba mashimo njiani kwao, moja hapa, moja pale, akasimama mahoka wakaja, wakaangukia humo. Wa kwanza. Wa pili. Kila alipopanda, picha ilizidi kuwa ndogo, naye akazidi kuinama, mpaka uso wake ulikaribia kioo na mgongo wake, na koti hili, vikafunika kila kitu. Sikuona chochote tena zaidi ya kitambaa cha kaki kinachotoa mvuke.

Nikasikia wimbo. Haukuwa ule wa matone. Ulikuwa mwingine, ulipanda, ulipanda, haujawahi kusikika katika nyumba yetu. Saidi aliruka. "Ametoka! Baba Anselmi, umemtoa?"

Baba alibaki vile vile ameinama. Mabega yake hayakusogea. Ilichukua muda kiasi kwamba nilianza kuogopa, nikadhani na yeye ameingia.

Kisha nikasikia kitufe kikibonyezwa, na kitaa chekundu kikazimika.

"Ametoka," alisema, akiwa bado ametupa mgongo.

Kesho yake matanga yakaanuliwa. Bibi alifagia chumba kwa mikono yake, akatupa takataka nje, na watu wakaoga wakatawanyika. Televisheni na mashine alipewa Saidi kama fungu la rafiki. Baadaye familia yake ilihamia Namtumbo kulima tumbaku, na nasikia naye ni mkulima mwenye wajukuu. Mashine sijui iliishia wapi. Mimi nilikua. Jinsi gemu zile zilivyojicheza nilikuja kuona mwenyewe, kwenye kibanda karibu na stendi, gemu ikijicheza yenyewe, mwenye kibanda amelala juu ya meza. Nilisimama nje nikatazama, nikaona aibu kidogo, nikaenda zangu. Lakini neno la baba lilibaki. Kitu fulani kilikuwa chini, kikatolewa juu, na baba alikiona kikitoka. Nililala juu ya neno hilo miaka yote.

Sasa, wiki ile ya kuanua matanga ya baba, binti yangu Neema alikuwa amekaa na simu yake.

"Mama, njoo uone. Gemu za zamani zenu zote zimerudi. Watu wazima kabisa wanazicheza."

Nilimuuliza wanazichezea nini. Akasema hajui, labda zinawakumbusha. Akaiweka simu mezani, akaenda jikoni kuepua chai. Nilikuwa nimevaa koti. Nikasikia matone kwenye bati.

Kwenye simu, bila mtu kuigusa, Mchimbaji alikuwa anachimba. Alipanda kingazi. Aliokota jiwe. Alifika chini ya ngazi ndefu, akasimama kama aliyeitwa, akageuka kushoto.

Ninajua mashine inavyofanya kazi, nimeshasema. Nywele zilinisimama hata hivyo. Watu huuliza kwa nini gemu zile hazifi, na mimi nina jibu langu tu: yule uliyemwacha humo hajakua, hajazeeka, hajakusahau. Unaporudi, yuko palepale ulipomwacha, anahangaika.

Nikaichukua simu. Sikuwahi kuicheza gemu ile maishani mwangu, lakini njia niliijua. Sikukimbia. Nilichimba mbele ya tairi. Mashimo yao nikayaweka walipokuwa wanapita, nikasimama wakaja, wakazama, mmoja mmoja, na chini ya ngazi nikageuka kulia. Mchimbaji akapanda. Ule wimbo ukapigwa, ule uliopanda, ambao nilikuwa nimeusikia mara moja tu kutoka nyuma ya koti hili.

Nikaona alichokiona baba.

Juu ya ngazi kulikuwa na udongo. Skrini nzima, kuanzia chini mpaka juu, mweusi kuliko wa kwanza. Mchimbaji alikuwa amewekwa tena chini kabisa, peke yake. Ngazi ndefu ilikuwa kwenye kona nyingine, mbali zaidi. Na mahoka walikuwa wameongezeka.

Nilibaki nimeinama. Nikajua kwa nini mabega yake hayakusogea, na alikuwa anafikiri nini muda wote ule, mimi nikiwa nyuma yake na kiganja changu kwenye kitambaa. Alikuwa ametoka kaburini kwa mwanawe muda mfupi tu uliopita. Aliliona hili, akalibeba, akaishi nalo mpaka tulipomzika juzi, na hakulitua hata siku moja mbele yangu.

Hatua za Neema zikasikika kwenye korido, vikombe vikigongana kwenye sinia.

"Mama, umefika mwisho? Sijawahi kuuona mimi. Kuna nini huko juu?"

Nilikuwa nimempa mgongo. Mchimbaji alisimama chini ya udongo wote ule, anangoja mkono wangu.

"Ametoka," nikasema, na nikaizima kabla hajafika.